Na Mimi Umeniandika?

Kaunta buku langu la jumuiya lina jalada jekundu na doa la mafuta ya kula kwenye kona. Ukurasa wa Desemba mwaka juzi niliugawa mara mbili kwa mstari, nikaazima rula ya mwanangu ili unyooke. Kushoto niliandika "Waliotoa". Kulia, "Wanaopewa". Nilipomaliza niliutazama kwa raha, nikajiona mhasibu hasa. Siku hizi nikifungua ukurasa ule naona aibu, na aibu yenyewe inatokana na ule mstari.

Mimi ni mweka hazina wa Jumuiya Ndogo Ndogo moja ya Kikatoliki hapa Dar es Salaam, upande wa Tabata. Kazi sikuiomba. Siku ya uchaguzi maji yalitoka alfajiri, nikabaki kujaza ndoo, nikafika nimechelewa nikaambiwa nimepita bila kupingwa. Viongozi wengi wa jumuiya hupatikana hivyohivyo, usidanganyike.

Kwenye karatasi tuna kaya 34. Wanaokuja kusali Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kama mvua hainyeshi, ni watu 14 au 15, karibu wote kinamama, pamoja na mzee mmoja aliyekuwa katekista na anayejua mashairi yote ya kila wimbo, hata yale ambayo hakuna anayetaka kuyafikia. Tunazunguka nyumba kwa nyumba, kwa zamu. Mwenye nyumba anatandika mkeka, anaweka stuli yenye kitambaa cheupe, msalaba na mshumaa. Tunasoma Injili ya Jumapili ya kesho yake, tunashirikishana, tunawaombea wagonjwa, bakuli la sadaka linapita, halafu matangazo. Matangazo huwa marefu kuliko Injili.

Wengi hudhani jambo hili la jumuiya limekuwepo tangu wamisionari. Sivyo. Maaskofu wetu wa Afrika Mashariki, kwenye umoja wao wa AMECEA, walilizungumza Nairobi mwaka 1973, wakarudi Nairobi 1976 wakalifanya kuwa ndiyo njia ya kujenga Kanisa. Wenzetu wa Kongo walikuwa wamelianza tangu 1961. Hapa Tanzania lilikuta watu wameshazoea kuhesabiana kumikumi. Mama mkwe wangu anasema mwanzoni hakuona tofauti, maana balozi wao wa nyumba kumi ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa jumuiya, na daftari alilobeba lilikuwa lilelile, ila upande mmoja kadi za chama, upande wa pili zaka.

Kwa hiyo kuorodheshana kupo kwenye damu yetu, na nadhani ndiyo maana sikuona ubaya wa kupiga mstari.

Kwetu ni Machame, Kilimanjaro. Nilizaliwa Mlutheri, nikaolewa na Mkatoliki, nikahamia huko na sufuria zangu. Watu wa Dar wana utani wao kwetu Wachaga: ikifika katikati ya Desemba wanatuuliza, "Vipi, huendi kuhesabiwa?" Yaani tunavyoukimbilia mlima kila Krismasi utadhani kuna sensa, na asiyefika anafutwa kwenye ukoo. Utani huo unanichekesha zaidi nikiwa kanisani, kwa sababu Luka naye anaanzia hapohapo: Kaisari Augusto ametoa amri, majina ya watu wote yaandikwe, kila mtu aende mjini kwao, na Yosefu anafunga safari na mchumba wake mjamzito. Kumbe hata Krismasi ya kwanza watu walikwenda kuhesabiwa, tena walipofika wakakosa chumba.

Mwaka juzi sikwenda. Njia zimeongezeka, nakubali: treni ya Moshi ilirudi mwishoni mwa 2019, na tangu Oktoba 2023 mabasi yanatembea hadi usiku. Lakini nauli ya watu watano, kwenda na kurudi, pamoja na vile vizawadi ambavyo huwezi kuingia kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo, bila kuvishika mkononi, hapo ada ya Januari inaondoka yote. Tukabaki. Ndipo nikaona kitu ambacho kwa miaka yote ya kukimbilia stendi ya mabasi na mabegi sikuwahi kukiona: kwamba kuanzia tarehe 20 hivi mtaa unabaki na watu wa aina moja. Wenye magari wameondoka. Wenye nauli wameondoka. Waliobaki ni wapangaji wa chumba kimoja, wajane, walinzi wa nyumba za walioondoka, dada wa kazi ambao mabosi wao wamewaachia mbwa na funguo, na watu kama sisi waliopiga hesabu wakakata tamaa. Safu yangu ya kushoto ilikuwa Moshi, Bukoba na Songea, inatuma michango kwa simu kutoka kwenye basi. Safu ya kulia ilikuwa hapa, tunasali nayo.

Kuhusu michango hiyo, kwenye grupu letu la wasapu orodha inaendeshwa kwa kunakili. Katibu anaanzisha: moja, baba fulani, 20,000, tiki ya kijani. Anayefuata ananakili orodha nzima, anajiongeza, anairudisha. Kila mwaka anatokea mtu mmoja ananakili orodha ya juzi badala ya ile ya leo, na kwa kidole kimoja anawafuta watu watatu. Hapo utasikia! "Mbona mimi sipo? Nilituma tangu Jumanne!" Ujumbe wa sauti wa dakika tatu unafuata. Mwaka juzi mama mmoja alifutwa mara mbili kwa siku moja, akaandika kwamba inaonekana sadaka yake haipandi mbinguni wala haipandi kwenye grupu. Watu wakacheka, ila mimi niliona kabisa kwamba imemuuma. Na alichokuwa amechanga ni shilingi 5,000.

Injili inasema mkono wa kushoto usijue ufanyalo mkono wa kuume. Kwenye grupu letu mkono wa kushoto ndio unaoshika simu.

Orodha ya upande wa kulia tuliitengeneza mwishoni mwa Novemba, baada ya sala, uani kwa mwenyekiti. Alisema, "Haya, tutajie kaya zenye uhitaji." Kimya. Hakuna mtu anayejitaja mwenyewe, hilo halipo. Kilichofuata ni watu kutajana, tena mbele ya wanaotajwa. Bibi mmoja ambaye ana genge la nyanya na dagaa pale njiapanda alikuwa amekaa palepale mkekani. Mtu akasema, "Na bibi huyu tumwandike." Bibi akashika ncha ya khanga yake, akaanza kuifunga fundo, akaifungua, akaifunga tena. Nikaandika: namba nne.

Ukatokea ubishi kama tuwape na wasio Wakatoliki. Mmoja alisema sadaka ya jumuiya ni ya jumuiya, kila dini ina utaratibu wake. Hapo yule katekista mstaafu, ambaye kwa kawaida matangazo yakianza yeye husinzia, akafumbua macho akauliza: "Msiba wa mwezi wa nane tulipikia sufuria ya nani?" Ilikuwa ya jirani yetu wa Kiislamu, ile kubwa ya pilau, na mwiko wake, na majamvi, na yeye mwenyewe alilala pale siku mbili. Hakuna aliyejibu. Kaya 11 zikapita, mbili kati yake za Waislamu.

Tulikusanya 411,500. Ahadi zilikuwa karibu laki sita, lakini ahadi ni ahadi. Kila mfuko uliingia mchele kilo tano, maharage kilo mbili, sukari kilo mbili, mafuta lita moja na mche mmoja wa sabuni. Kwa bei ya duka la jumla ilikuja 33,400 kwa mfuko, jumla 367,400. Bajaji ya kubebea, 15,000. Baki iliyosalia tukakubaliana iende kwenye dawa za presha za mgonjwa mmoja. Nayaandika haya kwa sababu watu huniuliza jumuiya hufanya nini na hela, na kwa sababu nayajua kwa kichwa.

Nilipokuwa napima ule mchele nilimkumbuka bibi yangu mzaa mama.

Kwenye usharika wetu Machame, ibada ikiisha hamwendi nyumbani. Mnatoka nje, mnasimama kwenye nyasi, na mnada unaanza. Asiyekuwa na hela alikuja na alichonacho: mkungu wa ndizi, magimbi, chupa ya maziwa, kuku amefungwa miguu, bua la muwa. Mzee wa kanisa mmoja ndiye dalali, tena awe na mdomo. Krismasi ndiyo ilikuwa balaa, kwa sababu wajukuu na watoto wa mjini wamerudi, kila mmoja anataka kijiji kijue kwamba Dar kumemkubali.

Bibi yangu alifiwa na mume mapema. Usharika ulimsaidia, najua, maana nilikuwa natumwa kuchukua unga kwa mama mchungaji. Lakini kila Krismasi yeye alikwenda na mayai matatu, ameyafunga kwenye majani makavu ya mgomba kama mtoto. Mayai matatu! Dalali anayainua: "Mayai ya bibi, ya kienyeji, nani ananipa?" Mwana fulani wa mjini anapaza sauti, anatoa hela ambayo ingenunua jogoo na mtetea wake, kisha anasema, "Nawarudishia, yauzwe tena." Yanauzwa tena. Mwingine ananunua, anasema, "Nampa mchungaji." Mchungaji anasema, "Nami nayarudisha mnadani." Mwaka mmoja niliyahesabu yakiuzwa mara nne. Mnunuzi wa mwisho akamwendea bibi, akampa mkononi, "Bibi, haya nakuzawadia." Basi bibi akarudi nyumbani na mayai yake yaleyale, tukayala jioni, na njia nzima akiwa anatwambia kwamba yale mayai yamejenga ukuta wa kanisa upande wa sakristia.

Nilikuwa mdogo, nikaona ni mchezo wa wakubwa. Sasa naona kilichokuwa kikifanyika. Pale nyasini hakukuwa na safu mbili. Bibi aliyechukua unga Ijumaa ndiye aliyetoa mayai Jumapili, na jina lake lilitajwa kwa sauti kwa lile la pili, lile la kwanza akilijua mama mchungaji tu na mimi niliyetumwa. Huku mjini sisi tumegeuza. Kupewa ndiko tunakotangaza.

Na mimi nilitangaza. Tarehe 23 jioni mifuko ilikuwa tayari, nimeipanga kwenye benchi sebuleni kwangu, kila mmoja nimeuandika jina kwa kalamu ya marka ili tusichanganye. Waliochanga walikuwa njiani au wameshafika kwao. Nikawaza, wana haki ya kuona hela yao. Nikapiga picha, nikaitupa kwenye grupu: "Tumsifu Yesu Kristo. Mifuko ya upendo iko tayari, Mungu awabariki nyote mliojitoa." Grupu lina watu 61. "Milele amina" zikaanza kumiminika. Mikono ya kusali. Mioyo. Mtu akasema anaituma picha kwenye grupu la kanda ili jumuiya nyingine zijifunze. Nikajibu kwa kidole gumba.

Majina yalisomeka yote kumi na moja.

Mmoja wao ni fundi seremala, ambaye mwezi wa tisa mashine ya randa ilimkata vidole viwili vya mkono wa kulia. Ni mtu ambaye jumuiya nzima imekalia viti vyake. Aliyemwandika kwenye orodha ni mke wa mwenyekiti, kwa nia njema kabisa, naye fundi mwenyewe siku ile hakuwepo. Saa tatu kasoro usiku nikaona kwenye grupu ule mstari mdogo wa kijivu, ule ambao hauna sauti: ameondoka. Nikafuta picha. Kufuta picha kwenye grupu la watu 61 ni kama kuzoa maji yaliyomwagika mchangani.

Tarehe 24 tulikwenda kugawa, wawili wawili. Utaratibu huo tuliuchukua kwa wenzetu wa Chama cha Mtakatifu Vinsenti wa Paulo pale parokiani, na wao wameurithi kwa mwanzilishi wao, Frederic Ozanam, mwanafunzi wa Paris aliyeanzisha kile chama na wenzake siku anayotimiza miaka 20, tarehe 23 Aprili 1833. Walikuwa wamesutwa na vijana wenzao: nyinyi Wakatoliki mnasifia mambo ya kale, leo mnafanya nini? Inasimuliwa kwamba jambo la kwanza Ozanam na rafiki yake walilofanya ni kuchukua kuni zao wenyewe za baridi wakazipeleka kwa maskini waliyemfahamu. Napenda kwamba zilikuwa kuni zao. Napenda pia kwamba walikwenda kwake, hawakumwita aje kupanga foleni.

Mwenzangu wa safari alikuwa yule katekista. Kwa fundi tulibisha, mkewe akafungua mlango nusu. Alipokea mfuko kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo, akasema asanteni, Mungu awazidishie. Tulimuuliza mzee yuko wapi. "Katoka kidogo." Kandambili zake zilikuwa pale mlangoni, ya kulia imekanyagika kisigino. Tulizitazama sote watatu, tukaagana.

Nyumba iliyofuata ni ya bibi wa genge. Yeye alitukaribisha hadi ndani, akatukalisha kitandani kwa sababu hakuna pengine pa kukaa, akautazama mfuko. Jina lake lilikuwa bado linasomeka. Akaniuliza:

"Mama, na mimi umeniandika?"

"Nimekuandika, bibi. Namba nne."

"Sio huko. Huku kwa waliotoa."

Akafungua lile fundo la khanga. Ndani mlikuwa na sarafu tano za mia mbili. Nikasema neno ambalo mtu yeyote angelisema, na ambalo nimejuta kulisema: "Hapana, bibi, hiyo itumie wewe." Hakubishana. Alizipanga zile sarafu juu ya mfuko wa mchele, moja baada ya nyingine, halafu akausukuma mfuko wote kuelekea kwangu kwa kiganja.

"Basi chukua na mchele wako."

Katekista alikohoa. Mimi nikatoa kaunta buku kwenye mkoba, palepale kitandani, nikaandika jina lake upande wa kushoto: 1,000. Jumla ikawa 412,500. Akaomba nimwonyeshe. Hasomi vizuri, lakini tarakimu za hela anazijua kuliko mimi. Aliweka kidole kwenye 1,000, akaridhika, akavuta mfuko wake akauweka chini ya kitanda. Kisha akatufungia nyanya sita kwenye gazeti, na safari hiyo nilikuwa nimeshajifunza, nikazipokea.

Hebu niseme na hili la vituo vya watoto, maana haliko mbali. Jumamosi moja kabla ya Krismasi ileile tulikwenda na parokia kutembelea kituo kimoja. Sitakitaja, na sina lawama nacho hata kidogo. Tulikuwa basi mbili, tumevaa fulana za kufanana, tuna bango. Watoto walituimbia wimbo wa kuwakaribisha wageni, wakisimama kwa kimo, mdogo mbele. Nilimwona binti wa miaka kama saba anaimba huku anaangalia getini, ambako basi la kundi lingine lilikuwa linapiga honi. Mlezi mmoja, tukiwa tunashusha magunia stoo, aliniambia kwa upole kwamba siku ile sisi tulikuwa wageni wa nne. Stoo ilikuwa na sabuni ya kufulia hadi dirishani. "Desemba hatuna pa kuweka, mama. Njoo Februari uone, hata simu haiiti." Hakulalamika, alinieleza kama mtu anavyokueleza njia ya kwenda stendi.

Mwaka uliofuata jumuiya yetu peke yetu tulikwenda Februari, siku ya kazi, watu watatu tu. Unga, dawa ya meno, madaftari. Hakukuwa na wimbo. Hatukumwona mtoto hata mmoja, walikuwa shuleni.

Padre wetu huwa hahubiri sana siku ya Krismasi, anajua watu wameacha nyama jikoni. Anaiweka akiba tarehe 26, kwenye misa ya asubuhi yenye watu wachache. Watu wengi siku hiyo wanaiita Boksingi Dei na kuishia hapo, ila Kanisa linamkumbuka Stefano. Sisi humkumbuka Stefano kwa mawe aliyopigwa. Padre akatusomea alichokuwa akifanya kabla ya mawe. Kitabu cha Matendo, sura ya sita: pale Yerusalemu palikuwa na mgawo wa kila siku kwa wajane, na wajane wa Kiyunani wakawa wanasahauliwa. Manung'uniko yakaanza. Mitume wakasema wachaguliwe watu saba wenye sifa njema waisimamie kazi hiyo, na wa kwanza kutajwa kwenye wale saba ni Stefano. Kwa maneno mengine, alisema padre, mtakatifu wa kwanza kufa kwa ajili ya Kristo alikuwa mtu wa orodha ya chakula. Watu wakacheka kidogo. Mimi nilikuwa nimekaa benchi la tatu na kaunta buku mkobani, sikucheka.

Jioni yake tukala pamoja uani kwa mwenyekiti, kila kaya ikaja na sufuria yake. Jirani yetu wa Kiislamu alisimamia pilau kwa sababu hamwamini mtu mwingine na ile sufuria. Watoto walipata soda, wakamwaga nusu, wakapewa nyingine. Bibi wa genge alikuja na kachumbari beseni zima. Fundi hakuja, wala mkewe. Hata Jumamosi iliyofuata hawakuja, wala ile iliyoifuata.

Mwaka jana tulipunguza mambo. Mifuko haiandikwi majina. Majina ya kaya wanayajua watu wawili, na wanaokaa karibu na kaya hizo ndio wanaopeleka, wakati wowote kuanzia Novemba, jioni, kama mtu anayemletea jirani yake kitu. Michango inatangazwa kwa jumla yake tu. Kuna waliolalamika, baba mmoja aliniambia waziwazi kwamba asipoona jina lake anakosa hamasa, na mchango wake kweli ulipungua. Tulipata 389,000, pungufu ya mwaka juzi. Sijui nifanyeje kuhusu hilo. Na kwenye kaunta buku sikupiga mstari. Nimeandika majina yote safu moja, anayetoa na anayepewa, na alama ninazozielewa mimi.

Lakini nirudi kwa fundi, maana yake ilikuwa kabla ya hayo, Januari ileile. Ratiba ya zamu za nyumba huandikwa mwanzo wa mwaka, na katibu kwa mazoea alikuwa ameliweka jina lake Jumamosi ya tatu. Tulijadiliana kama tulivuke. Mwenyekiti alikuwa anataka alivuke, amsitiri. Ijumaa usiku ukaingia ujumbe kwenye simu yake, akanisomea: "Tumsifu Yesu Kristo. Kesho ni kwangu. Karibuni."

Tulikuwa 19, zaidi ya siku yoyote niliyoweka kumbukumbu. Ndani hatukuenea, tukakaa nje ya mlango, kwenye mikeka na mabenchi yake. Benchi nililokalia lilikuwa jipya, halijapakwa vanishi, mguu mmoja umezidi ufupi. Aliniona nikitikisika, akaja na kipande cha boksi amekikunja, akakisukumiza chini ya ule mguu kwa mkono wa kushoto. "Bado mkono," akasema. Hakusema lingine, nami nilikuwa na maneno ya kuomba msamaha niliyoyapanga tangu alfajiri, nikashindwa hata kuanza.

Baada ya Injili bakuli likapita. Nikahesabu pale magotini, noti na sarafu: 16,750. Kawaida mweka hazina anatangaza na sala ya kufunga inafuata. Nilipotaka kusimama akaniuliza, mbele ya wote, "Umeandika ni nyumba ya nani?"

Huwa tunaandika. Kila sadaka ina tarehe na jina la mwenye nyumba. Nikafungua kaunta buku juu ya goti, nikaandika jina lake kamili, kisha 16,750, nikamgeuzia aone. Akasoma, akaitikia kwa kichwa. Katekista alikuwa ameshaanza sala ya kufunga, na mke wa fundi alikuwa anapita nyuma yetu na birika, ananiongezea chai bila kuniuliza.